Maziwa Yanafika Wapi?

Ninyi vijana mnaofanya kazi ya kliniki sasa, mmeniomba niwaeleze kazi yetu ilivyokuwa. Sina hakika kama mmemwomba mtu anayefaa. Mimi niliishia darasa la saba. Nikapelekwa kozi ya mama na mtoto, nikarudishwa zahanati ya kwetu upande wa Nyakakika, na hapo nikakaa mpaka walipokuja wenye vyeti. Nilipoanza, vita vilikuwa vimeisha si zamani, sabuni ilikuwa kitu cha kutafutwa, na Kyerwa yote ilikuwa bado inaitwa Karagwe.

Kila siku niliandika daftari. Si kwamba nilikuwa na akili nyingi. Niliandika kwa sababu sikukiamini kichwa changu. Hata sasa nikikumbuka jambo huwa naenda kulitazama kwenye daftari, na mara nyingine daftari linasema hivi na kichwa kinasema vile. Nitakapofika mahali pa namna hiyo nitawaambia, ninyi mtaamua.

Watu waliniita Mama Mizani, kwa sababu ya ile mizani ya kuning'iniza tuliyoifunga kwenye boriti ya baraza. Mtoto anavalishwa suruali ya kitambaa, ananing'inia, analia, sindano inatikisika, mama anasali. Halafu nasoma, natia nukta kwenye kadi. Hiyo ndiyo ilikuwa kazi. Iliyobaki ilikuwa maneno.

Na maneno mengi ya kina mama yalikuwa mawili tu: anacheua, halali. Tukianza saa mbili asubuhi, mpaka saa sita nimeyasikia hadi yananitoka masikioni. Anacheua, Mama Mizani. Halali, Mama Mizani. Nami nilikuwa na majibu yangu tayari, nayatoa kama mtu anayegawa karanga. Akimaliza kunyonya usimlaze, mweke begani, mpapase mgongo mpaka abeue. Mnyonyeshe ukiwa umekaa, acha kunyonyesha huku unainama kupalilia kahawa. Usimpe maji ya ndizi. Usimpe uji. Usimtie tone la rubisi, pombe yetu ya ndizi, mdomoni ili alale, hata kama bibi yake anasema wewe ulikuzwa hivyo hivyo.

Nisiwadanganye, mengine tuliyofundisha ninyi leo mnayakataza. Sisi tulisema uji uanze miezi minne, ninyi mnasema sita. Sisi tulisema mtoto alazwe ubavu au kifudifudi asije akapaliwa na matapishi, ninyi mnasema alale chali. Nilipolisikia hilo la chali kwa mara ya kwanza nilikaa kitandani nikafikiria watoto wote niliowageuza kifudifudi kwa mikono yangu. Tulifundisha tulichofundishwa.

Kuna siku nilicheka, nayo niiandike, msije mkadhani tulikuwa tunalia tu. Alikuja baba mmoja mfugaji kutoka mbuga za upande wa Chonyonyo, mrefu, fimbo begani, akasimama kwenye foleni ya kina mama bila aibu. Zamu yake ikafika.

"Shikamoo, Mama Mizani."

"Marahaba. Mtoto yuko wapi?"

"Yuko nyumbani. Halali. Nimekuja kuchukua dawa ya usingizi."

"Tata, mtoto mchanga hapewi dawa ya usingizi!"

"Nani kasema ya mtoto? Ni yangu mimi. Yeye na mama yake wamekwisha kuzoea."

Benchi zima liliangua kicheko. Nilimuuliza mtoto anakula nini, akasema maziwa ya ng'ombe, anaongezewa maji, yanatoka kwenye ekyanzi, kile chombo cha mti wanachokamulia, kilichofukizwa moshi mpaka kinanukia. Wiki tatu tangu azaliwe. Kwao maziwa ya ng'ombe ni heshima, ndiyo unayompa mgeni, na mtoto ni mgeni. Sikumgombeza. Nilimwambia amlete mama, akamleta, tukarudisha ziwa, na mtoto akalala. Baba naye nadhani alilala. Nilijiona hodari sana kwa sababu ya hiyo familia. Nilijiona nimeshajua kila kinachoitwa kucheua.

Sasa nifike kwenye ebiino.

Ninyi wengine mmekuta jina la meno ya plastiki. Sisi tulisema ebiino. Mtoto mchanga akitapika, akiharisha, akipata homa, akikosa usingizi, watu walifungua mdomo wakatazama ufizi. Mle ndani kuna weupe kidogo mahali patakapoota chonge. Ni mbegu ya jino, kila mtoto anayo. Lakini wao waliuona kama mdudu, wakasema hayo ndiyo yanayomla, yatolewe. Akaitwa mkataji. Spoki ya baiskeli, imenolewa kwenye jiwe, inachimba ufizi, kile cheupe kinatolewa na kuonyeshwa mama kwenye jani la mgomba: unaona? Hicho hapo.

Wawili kati ya waliochimbwa nimewashika mimi kwa mikono yangu. Mmoja damu haikukata. Wa pili alikuja siku kadhaa baadaye, taya zimefunga, mgongo umepinda kama upinde. Ni pepopunda. Mama yake alikuwa anajaribu kumkamulia maziwa kwenye meno ambayo hayakuwepo.

Baada ya huyo wa pili nilikuwa mkali. Nilisimama kanisani baada ya ibada nikasema. Nilisimama kwenye mkutano wa kijiji nikasema. Na mkataji wetu nilimtaja kwa jina: Mukaka Paskazia, mukaka kwetu ndiyo bibi, mwanamke mzee, mjane, mfupi, anakaa ng'ambo ya bonde. Nilisema akikata mtoto mwingine nitampeleka ofisi ya kata. Yeye alikuwepo mkutanoni. Alikaa kwenye nyasi, miguu ameinyosha, ananitazama kama mtu anayetazama mvua ya mbali.

Tangu hapo kila mtoto aliyefika kwangu, jambo la kwanza nilifungua mdomo. Kabla ya mizani, kabla ya kuuliza. Nikikuta ufizi mzima namsifu mama mbele ya wote. Nikikuta kidonda, namsema mbele ya wote. Nawaomba mkumbuke hilo la kufungua mdomo kwanza, kwa sababu ndilo lililomponza mtoto ninayetaka kuwaambia habari zake.

Mama yake aliitwa Jeneroza. Alikuwa binti wa wakulima wenye asili ya Rwanda, ameolewa na Faustini, kijana wa wafugaji waliokwisha kujenga na kutulia upande wa Kiruruma. Mtoto alikuwa wa kwanza, wa kiume, Deogratias, wiki ya tano. Kutoka kwao mpaka kwetu ni mwendo mrefu wa miguu. Alikuja peke yake, mtoto mgongoni, kanga imelowa maziwa begani na imekauka, ikawa ngumu kama karatasi. Hilo la kanga halimo kwenye daftari. Limo kichwani.

"Shikamoo, Mama."

"Marahaba, mwanangu. Ana nini?"

"Anatapika, waitu. Na halali. Akimaliza tu kunyonya, yanaruka. Halafu analia anataka tena."

"Wote wanacheua, mwanangu. Fungua mdomo tumwone."

Nikafungua. Ufizi mzima, wa waridi, hakuna hata mkwaruzo. Nikafurahi.

"Hamkumpeleka kukatwa?"

"Tulikwenda. Mama mkwe alitupeleka kwa Mukaka Paskazia. Amekataa."

"Amekataa? Paskazia?"

"Amesema hii siyo ebiino. Amesema mtoto wa ebiino analikataa ziwa, huyu analililia. Amesema tumpeleke hospitali kwa daktari."

Wajukuu zangu, pale nilipaswa kusimama. Mwanamke ambaye miaka yote anakula kwa kukata, anakataa kukata, anaacha kuku wa malipo, anasema daktari. Mtu mwenye masikio angeuliza kwa nini. Mimi niligeukia benchi nikasema kwa sauti, "Mmesikia? Paskazia ameanza kuniogopa!"

Wakacheka. Mmoja, mcheshi wetu wa kila kliniki, akasema, "Labda spoki zimekwisha, Mama Mizani! Baiskeli ya marehemu mume wake imebaki rimu tupu!"

Wakacheka zaidi. Jeneroza hakucheka. Akasema taratibu, kana kwamba ananipa nafasi nyingine, "Juzi yalimpiga mama mkwe gotini. Alikuwa amekaa kule." Akaonyesha kwa kidevu, hatua mbili kutoka aliposimama.

Nami nikasema, "Basi mwambie mama mkwe akae mbali."

Benchi likacheka tena. Hayo maneno ni yangu. Hayamo kwenye daftari, lakini hapa kichwa changu hakina shaka hata kidogo.

Nikampima. Hakuwa ameongezeka tangu kliniki ya kwanza, alikuwa amepungua kidogo. Nilijiambia: mama mdogo, mtoto wa kwanza, hajui kumshika. Nikamfundisha kumshika. Nikamwambia ampe ziwa mara nyingi zaidi, asimpe kitu kingine chochote, akimaliza amsimamishe begani. Na kwa kuwa nilimwona amechoka, nikaongeza, "Usirudi rudi hapa kwa ajili ya kucheua, njia ni ndefu. Tuonane mwezi ujao." Nilifikiri ni huruma. Siku hizi najiuliza kama ilikuwa huruma au ilikuwa foleni. Foleni siku ile ilifika mpaka kwenye mwarobaini.

Daftari linasema hivi: "Deogratias, wiki 5. Anacheua. Mdomo safi, hajakatwa. Uzito bado. Mama ameelekezwa. Mwezi ujao." Pale penye "mdomo safi" nimepiga mistari miwili.

Siku tisa baadaye, mchana, nilikuwa nakunja makaratasi nikamwona Faustini anasukuma baiskeli. Aliiegemeza kwenye nguzo. Akavua kofia. Akaweka kadi ya mtoto juu ya meza yangu, ameifunga kwenye mfuko wa plastiki isichafuke.

"Tumerudisha kadi, Mama."

"Kwa nini? Kadi inakaa kwenu."

"Mtoto amekwisha. Kadi ni ya serikali."

Yeye akangoja, kana kwamba kuna mahali pa kutia sahihi. Kisha akavaa kofia akaondoka.

Kesho yake nilikwenda msibani. Nilitembea asubuhi yote, na sitaki mnione shujaa kwa hilo. Mara tatu niligeuka nyuma, nikatembea kidogo kurudi nyumbani, nikageuka tena. Nilipofika, wanawake walikuwa wamekaa ndani kwenye nyasi zilizotandikwa sakafuni, na mtu wa kwanza niliyemwona ni Mukaka Paskazia. Alinitazama. Halafu akasogeza miguu yake, akapiga nyasi kwa kiganja, mahali pa kukaa.

Aliyenieleza ni mama mkwe wa Jeneroza. Hakupandisha sauti hata mara moja. Alisema Jeneroza alifanya yote niliyomwambia. Alinyonyesha mpaka matiti yakapata vidonda. Alimsimamisha mtoto begani kutwa nzima, analala amekaa, mgongo kwenye nguzo. Yeye mama mkwe alitaka wampe maziwa ya ng'ombe kidogo, Jeneroza akakataa, akasema Mama Mizani amekataza. Siku ya tano vitambaa vya mtoto vikawa havilowi. Mama mkwe akasema turudi kliniki. Jeneroza akasema Mama Mizani amesema tusirudi rudi.

"Ni mtiifu sana huyu," akasema mama mkwe. "Mimi nilimchagulia mwanangu mtiifu."

Jeneroza alikuwa ukutani, amegeuza uso. Matiti yake yalikuwa yamefungwa kwa kitambaa, maziwa yanapita.

Ni Paskazia aliyekwenda mwenyewe nyumbani kwao siku ya saba, bila kuitwa. Alimvua mtoto nguo akamtazama tumbo. Alisema tumbo lilikuwa linatembea, kama mtu anayegeuka chini ya blanketi. Akamgeukia Faustini: "Wewe ng'ombe wako akikauka hivi, ungekaa hapa unavuta kiko?" Ndipo wakaondoka, baiskeli mpaka barabarani, halafu lori la kahawa mpaka hospitali. Walimpokea vizuri, mimi siwezi kusema lingine. Walimwekea maji kwanza, maana mtoto aliyekauka hapasuliwi. Hakufika kwenye kupasuliwa.

Wakati naondoka Paskazia alinisindikiza mpaka kwenye migomba.

"Mimi nilisema," akaniambia. "Lakini neno la mkata meno nani alisikie."

Nikashika njia.

Nilikwenda hospitali nikamtafuta daktari aliyempokea mtoto. Alinichorea nyuma ya boksi la dawa: tumbo, na mlango wa tumbo wa kutokea chakula. Kuna watoto, akasema, hasa wa kiume, hasa wa kwanza, mlango ule nyama yake inanenepa mpaka inakuwa kama buni mbivu, na njia inaziba. Inaanza wiki ya tatu, ya nne, ya tano. Maziwa hayapiti kwenda chini, yanarudi juu kwa nguvu, yanaruka mbali. Na mtoto anakuwa na njaa, ndiyo maana analia ziwa muda ule ule. Wakiletwa mapema wanapasuliwa kidogo tu, na wengi wanapona.

"Kama angekuja siku ile aliyokuja kwangu?"

Alizungusha kalamu. "Ningekuwa na muda wa kujaribu," akasema.

Nawaandikia maneno yake kama alivyoyasema, bila kuyapunguza wala kuyaongeza. Hakusema angepona. Hakusema mimi ndiye. Miaka yote nimejaribu kuyabeba vile vile, nisijitie hatia kubwa kuliko iliyo yangu ili watu wanionee huruma, na nisijitoe. Mtoto anayenyonya kwa uchu si mgonjwa, hivyo ndivyo nilivyokuwa naamini. Hilo ni kosa la kutojua. Lakini kumcheka aliyejua, na kumcheka mama aliyekuwa ananionyesha kwa kidevu, hilo kutojua hakuliondoi.

Nikaenda kwa Paskazia. Alikuwa anamenya ndizi, hakuinuka.

"Umekuja kunikamata?"

"Nimekuja kuuliza. Ulijuaje?"

Akamenya ndizi mbili nzima kabla ya kusema. "Kuna wengine kama huyu niliwakata zamani. Nilikata, wakafa vile vile, wanalilia ziwa. Nilipomwona wa namna ile tena, mkono ulikataa. Unafikiri siwakumbuki? Wewe una daftari."

Alinionyesha. Alisema mkalishe mama, mtoto anyonye mpaka aridhike, halafu wewe ukae kimya, usiseme kitu, umvue nguo utazame tumbo na utazame maziwa yanafika wapi. Kama yanateremka kidevuni, mtoto anatabasamu, huyo ni wa begani. Kama yanaruka na kumpiga mtu aliyekaa mbele, usifungue hata mdomo wake, mtafutie gari.

Na niseme yote, maana haki haina upande. Mwanamke huyo huyo alikata mtoto mwingine mwaka uliofuata. Mtoto yule hakufa, lakini Paskazia alikata. Nilimpeleka ofisi ya kata kama nilivyoahidi, nilimwonea huruma na nilimpeleka. Alinisalimia vizuri tulipokutana baadaye. Miaka mingi baadaye akawa ananiletea watoto wa aina ile, wale ambao mkono wake ulikataa. Walikuwa wachache. Mpaka anakufa hatukuwa marafiki, wala hatukuwa maadui tena.

Nikabadilisha kazi yangu. Nilichora mstari wa chaki kwenye sakafu ya baraza mbele ya kiti cha kunyonyeshea, na mwingine hatua moja mbele, na mwingine. Kila aliyesema anacheua, nilimuuliza: maziwa yanafika wapi? Wakaanza kusema Mama Mizani amechanganyikiwa tangu ule msiba. Yule mcheshi akasema, "Sasa anawafundisha watoto kurusha mkuki!" Nikamwacha aseme. Wote waliojibu walionyesha kidevu, kifua, kanga. Miezi ikapita, miaka, hakuna aliyeonyesha chaki. Nikaanza kufikiri labda nimepata wasiwasi tu na ninapoteza muda wa watu.

Jeneroza alizaa tena, msichana, halafu mwingine. Alikuja kliniki kila mwezi, hakukosa. Alisalimia, alisikiliza, alijibu nilichouliza. Hakuwahi kulitaja jina la Deogratias mbele yangu, nami sikuthubutu. Alikuwa anavua mtoto nguo mwenyewe kabla sijaanza, zote, mpaka anabaki uchi, ndipo ananipa. Hata siku za baridi. Nilielewa.

Siku moja, yule wa tatu akiwa bado ananyonya, benchi lilijaa. Alikuwepo msichana mmoja kibarua wa mashamba ya kahawa, wazazi wake walitoka Burundi, anaitwa Speransia. Kiswahili chake kilikuwa kidogo na changu siku ile kilikuwa cha haraka. Nilikuwa nimechoka, jua limepanda, chanjo zilikuwa zinakaribia kuharibika kwenye kasha. Speransia alisema mtoto anatapika. Nikauliza maziwa yanafika wapi, kwa ule mtindo wa mtu anayesoma orodha, mkono tayari umeinuka kwenda mdomoni kwa mtoto. Akasema, "Hapa," akatikisa mkono kwa mbele tu, bila kuonyesha mahali. Nikasema sawa, mweke begani.

Jeneroza aliinuka kwenye benchi.

Alipita mbele ya wote, mtoto wake mgongoni. Akasimama kwenye mstari wa kwanza wa chaki, akamtazama Speransia, akagusa sakafu kwa kidole cha mguu.

"Hapa?"

Speransia akatikisa kichwa.

Akaenda mstari wa pili. "Hapa?"

Akatikisa kichwa.

Akaenda wa tatu, ule wa hatua mbili. "Hapa?"

"Eh. Hapo. Na ukuta."

Hakuna aliyecheka. Jeneroza hakuniangalia kwa hasira, ningependa angeniangalia kwa hasira. Alisema tu, "Mwandikie, Mama."

Nilimvua mtoto nguo. Tulimwacha anyonye, tukanyamaza, benchi zima limenyamaza, na tukaliona tumbo linatembea. Niliandika barua ya hospitali. Mwandiko wa barua ile ulikuwa mbaya kuliko wa mtoto wa shule, na Jeneroza alisimama pembeni yangu mpaka nikaweka nukta ya mwisho. Yeye ndiye aliyekwenda barabarani na Speransia kusimamisha gari.

Mtoto yule alirudi baada ya wiki, ana kovu dogo juu ya kitovu, limeshonwa. Benchi lilishangilia. Mimi nililigusa lile kovu, na kusema kweli sikushangilia. Nilikuwa namwona mwingine asiye na kovu.

Jeneroza alikuwa pale pale kwenye foleni. Zamu yake ikafika. Akamvua mwanawe nguo zote, akanipa. Nikampokea, nikatazama tumbo, nikatazama mapaja, nikabana ngozi kidogo nione kama inarudi. Mdomo nikaufungua mwisho. Alikuwa ananitazama mikono muda wote.

"Anaendelea vizuri," nikasema.

"Najua," akasema. "Nilikuwa nakutazama wewe."

Akamvalisha mtoto, akamfunga mgongoni, akaondoka kabla sijamwandikia kadi. Mwezi uliofuata alikuja tena, akamvua nguo tena.